Bukari Safi ama ya Kuchanganya? Maneno Yanayozunguka Sufuria Zetu

Juma hili tunaweka mezani jambo ambalo kila mmoja wetu ana maoni yake: bukari. Hatusemi juu ya mboga wala nyama, tunasema juu ya bukari yenyewe. Unga gani unafaa? Mahindi peke yake, ama tunaweza kutia mihogo? Iwe ngumu ama laini? Iwe nyeupe kabisa ama yenye pumba? Katika mikutano yetu hapa Kinsevere tumezungumza juu ya maji, karo ya watoto na likelemba bila kelele nyingi. Lakini siku tulipogusa bukari, kila mtu alisimama kusema, na jua likatuchwea tukiwa bado hatujapatana.

Tulicheka sana siku ile. Lakini katikati ya kicheko lilitoka neno zito. Mmoja wetu, mama kijana aliyeolewa si zamani, alisema kwamba miezi ya njaa alikuwa akikopa unga wa mahindi dukani, mfuko wa kilo 25 kwa bei ya juu, na huku mihogo mikavu imejaa nyumbani. Kwa nini? Kwa sababu mama mkwe alikuwa amekuja kumtembelea, na aliogopa kuambiwa kwamba anampikia mtoto wa watu bukari ya kuchanganya. Deni lile alilipa kwa miezi mitatu. Baada yake wengine wawili walisema nao walifanya vilevile. Basi tukaona kwamba hili si jambo la kucheka tu. Haya ya sufuria inaingiza wamama katika madeni, na inafaa tuizungumze wazi.

Chakula kimoja, majina mengi

Hapa kwetu, kilometa 30 hivi kaskazini mwa Lubumbashi, watu wametoka pande zote. Walamba ndio wenye nchi. Halafu mgodi na mashamba vimeleta Wabemba, Waluba wa Katanga, Waluba wa Kasai, watu wa Kivu, na ndugu kutoka ng'ambo ya mpaka. Kila mmoja alikuja na mwiko wake.

Sisi tunasema bukari. Mbemba anasema ubwali. Watu wa Kasai wanasema nshima, na wa Malawi nsima. Kule Bukavu na Goma utasikia bugali, na ukienda Tanzania ama Kenya ni ugali. Watu wa pwani ya Mombasa wanasema sima. Kule Zimbabwe ni sadza. Kinshasa wanasema fufu, na hapo mihogo ndiyo mwenye nyumba, mahindi ni mgeni. Na Uganda wanasema posho.

Neno hilo la posho tulikumbuke, maana linatufundisha jambo. Posho ni chakula cha kupimiwa, kile ambacho mwajiri anampa mfanyakazi wake. Kule Uganda unga wa mahindi ulikuwa chakula cha wafanyakazi, wa askari na wa wanafunzi, mpaka jina la kipimo likawa jina la chakula.

Mahindi yalifikaje katika sufuria zetu?

Wengi wetu tunasema mahindi ni chakula cha mababu. Ni kweli, lakini si cha mababu wote. Mahindi yalitoka Amerika, yakaletwa Afrika na merikebu za Wareno miaka zaidi ya 400 iliyopita, yakaingia bara pole pole. Walamba wa zamani walitegemea zaidi mtama. Wengine walikula ulezi, wengine mihogo.

Mahindi peke yake, kila siku, asubuhi na jioni, yaliletwa hasa na kazi ya migodi. Union Minière ilianzishwa mwaka wa 1906. Mwaka wa 1910 reli kutoka kusini ikafika Élisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi, na mahindi ya Rhodesia yakapanda treni. Mfanyakazi alipimiwa unga wa mahindi, na mke wake akaupika, hata kama kwao alikuwa amezoea mihogo ama mtama. Watoto waliozaliwa kambini hawakujua chakula kingine. Baadaye Gécamines iliendelea na desturi hiyo, na mfuko wa unga ulikuwa sehemu ya mshahara. Wakubwa wetu wanakumbuka vizuri: nyumba ya mtu wa Gécamines haikukosa unga. Kampuni ilipoanguka baada ya mwaka wa 1990, mfuko ule ukakatika, lakini hamu ya bukari nyeupe ya mahindi ilibaki.

Kwa hiyo tunaposema bukari safi ya mahindi ndiyo ya heshima, tunakumbuka pia miaka ya mshahara. Bukari ile ilikuwa alama ya kwamba baba ana kazi. Ndiyo sababu kuchanganya kunauma: mtu anaogopa jirani asijue kwamba kazi imekwisha.

Maneno ya pande mbili

Wanaotetea mahindi matupu wanasema hivi. Bukari ya mahindi inakaa tumboni. Mwanamume anaweza kulima mpaka saa nane bila kutetemeka. Haishiki vidoleni. Inapendeza kwa kila mboga, iwe sombe, ndakala, bitoyo ama lengalenga. Na ikilala, kesho asubuhi inaokwa juu ya makala, watoto wanakunywa nayo chai.

Wanaotetea kuchanganya nao wana maneno yao. Mihogo inaifanya bukari kuwa laini na kunyumbuka. Tonge linapita vizuri, hata kwa mzee asiye na meno. Haikauki upesi. Unga kidogo unajaza sufuria kubwa. Na zaidi ya yote, mihogo inakaa shambani ikikungojea. Mwaka wa jua kali mahindi yanakufa, mihogo inabaki. Wamama wa Kasai walituambia wazi kwamba kwao kuchanganya si umaskini hata kidogo. Ndivyo nshima inavyopikwa, na isiyo na mihogo wanaiona inakwaruza koo.

Hapa tuseme neno moja kwa uangalifu. Maneno ya chakula yanaanza kwa mzaha na yanaweza kuishia pabaya. Wenye umri kama wetu hatukusahau miaka ya 1992 na 1993, wakati majirani wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala na watoto penye stesheni wakingoja treni. Ubaya ule haukuletwa na bukari. Lakini matusi ya siku zile yalipita pia katika sufuria: wale wanakula hivi, wale wananuka hivi. Mtoto anayesikia mama yake akidharau sufuria ya jirani anajifunza kumdharau jirani mwenyewe. Tutetee ladha zetu, tucheke, lakini tukomee hapo.

Tulipika sufuria tatu

Ili tumalize ugomvi, tulikubaliana kupika. Tuliwasha mbabula tatu. Sufuria ya kwanza ilikuwa ya mahindi matupu. Ya pili ilikuwa makopo mawili ya mahindi kwa kopo moja la mihogo. Ya tatu ilikuwa nusu kwa nusu. Mboga ilikuwa moja kwa wote: sombe yenye karanga. Waliopika hawakusema ipi ni ipi, na walioonja walifumba macho.

Sufuria ya tatu ilijulikana mara moja, kwa sababu inanyumbuka. Wa Kasai wakafurahi, wengine wakasema inateleza mno. Lakini ya kwanza na ya pili zilitushinda. Zaidi ya nusu yetu tulichanganyikiwa, na mmoja wa watetezi wakubwa wa mahindi matupu aliomba aongezewe ile ya pili, akisema hii ndiyo bukari ya kweli. Alipoambiwa ina mihogo, alinyamaza, kisha akaomba tena.

Na ukoko? Wote tulipatana juu yake. Ule wa mahindi matupu ndio mzuri zaidi, mkavu, wenye harufu ya kukaangwa. Watoto waliukwangua mpaka sufuria ikang'aa.

Namna ya kupika ili isikuaibishe

Bukari ya kuchanganya inapata jina baya mara nyingi kwa sababu haikupikwa vizuri. Mahindi na mihogo havina haraka moja. Mahindi yanataka kuchemka muda mrefu. Mihogo inaiva upesi na inavuta. Ukivitia pamoja, mahindi yanabaki mabichi na mihogo inakuwa gundi. Hii ndiyo namna tuliyopatana, kwa watu sita:

1. Pima maji lita 2, na unga kilo 1 kwa jumla. Kwa bukari ya mahindi matupu, wote ni mahindi. Kwa kuchanganya, tenga unga wa mahindi sehemu mbili na wa mihogo sehemu moja. Chekecha unga wa mihogo peke yake.

2. Bandika maji. Kabla hayajachemka, koroga vikombe viwili vya unga wa mahindi kwa maji ya baridi kidogo, mwaga ndani, na ukoroge mpaka uwe uji usio na madonge.

3. Funika na acha uji uchemke kwa dakika 10 hivi kwa moto wa wastani. Usiwe na haraka hapa. Uji usioiva ndio unaoleta bukari yenye ladha ya unga mbichi na tumbo la kujaa. Angalia mkono wako, maana uji unaruka na unaunguza, na weka watoto mbali na mbabula.

4. Anza kusonga. Tia unga wa mahindi uliobaki kidogo kidogo, ukigandamiza kwa mwiko kando ya sufuria.

5. Unga wa mihogo uje mwisho. Tia pole pole, songa kwa nguvu dakika 3 ama 4, mpaka bukari iache sufuria na iwe na rangi moja.

6. Punguza makala, funika dakika 5. Hapo ndipo ukoko unajitengeneza.

7. Lowesha kata kwa maji, mviringe bukari, weka katika sahani na uifunike.

Ukitaka laini, punguza unga, usiongeze maji mwishoni. Maji ya mwishoni ndiyo yanaleta madonge.

Hata Marekani wanagombana

Tusifikiri ni sisi tu. Kule kusini mwa Marekani kuna mkate wa mahindi unaopikwa katika kikaango kizito cha chuma. Wanapasha kikaango pamoja na mafuta mpaka kiwe moto sana, kisha wanamwaga unga uliokorogwa na maziwa machachu na mayai. Unapolia ndani ya mafuta, ndipo ukoko unapofanyika. Na juu ya mkate huo wanagombana kama sisi. Watu wengi wa kusini wanasema ukitia sukari si mkate tena, umekuwa keki. Wa kaskazini wanatia sukari na hawaoni kosa. Wengine wanataka unga mweupe, wengine wa manjano. Wamarekani weusi wengi nao wanatia sukari, na wanasema ndivyo bibi zao walivyowafundisha. Kila mmoja anataja bibi yake, kama tunavyofanya hapa.

Lakini kule walijifunza pia jambo la uchungu. Mwanzo wa karne ya 20, maskini wa kusini, hasa wafanyakazi wa pamba, walikula mahindi karibu peke yake. Ngozi zao zilibabuka, wakaharisha, akili zikachafuka, wengi wakafa. Ugonjwa huo unaitwa pelagra. Wengi walidhani unaambukizwa. Kuanzia mwaka wa 1914 daktari Joseph Goldberger alionyesha kwamba sababu ni chakula: waliopata maziwa, nyama na maharage hawakuugua. Mahindi hayakuwa sumu. Shida ilikuwa kuyala bila kitu kingine.

Lililo muhimu kuliko ladha

Hapo tunafika kwenye neno letu kubwa. Tunagombana kama mahindi ni matupu ama yamechanganywa, na huku mambo yanayomjenga ama kumwua mtoto yako mahali pengine.

Kwanza, mboga. Katika gramu 100 za unga wa mahindi kuna gramu 8 ama 9 za protini, yaani chakula cha kujenga mwili. Katika unga wa mihogo hazizidi 2. Basi anayechanganya ajue kwamba ameokoa pesa lakini amepunguza nguvu ya kujenga, na arudishe kwa mboga: maharage, karanga za kutwanga ndani ya sombe, ndakala za unga. Pesa uliyookoa kwenye mfuko inunue ndakala. Hapo bukari ya kuchanganya inamlisha mtoto vizuri kuliko bukari nyeupe yenye chumvi na mafuta tu.

Pili, kuvu. Mahindi yaliyovunwa na kuwekwa yakiwa na unyevu yanaota kuvu, na kuvu nyingine ina sumu isiyotoka kwa kupika. Mwaka wa 2004, huko mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa mahindi ya namna hiyo na 125 wakafa. Tusisage mahindi yaliyobadilika rangi kwa kusema ni hasara kuyatupa. Kuna kipimo rahisi: chukua chupa kavu, tia mahindi na chumvi kavu kidogo, funga na utikise. Chumvi ikishika ukuta wa chupa, mahindi bado ni mabichi, yarudishe juani. Ikianguka chini yote, unaweza kuweka.

Tatu, sumu ya mihogo. Mihogo michungu inapaswa kulowekwa siku tatu ama zaidi, mpaka ilainike, kisha kukaushwa vizuri. Huko Kahemba, mkoa wa Kwango, watoto na wamama wengi wamepooza miguu kwa ugonjwa wa konzo, kwa sababu miaka ya shida mihogo ililowekwa siku chache mno na mboga ilikuwa haba. Basi anayenunua unga wa mihogo sokoni aulize ulilowekwa siku ngapi. Haifai kuona haya kuuliza hilo.

Nne, pumba. Unga mweupe uliokobolewa unapendeza machoni, lakini umeacha sehemu nzuri mashineni. Watanzania wanaita mweupe sembe na ule wa nafaka nzima dona, na dona ina nguvu zaidi. Na mahindi yenye rangi tusiyadharau kwa kusema ni chakula cha kuku. Mwaka wa 2012 Zambia ilianza kutoa mbegu za mahindi ya rangi ya machungwa kwa sababu yanatoa vitamini A, inayolinda macho ya watoto.

Mlango wa Kasumbalesa

Lipo jambo la mwisho. Sehemu kubwa ya unga wa Lubumbashi inatoka kusini kwa kupitia Kasumbalesa. Zambia ikiwa na mavuno, tunakula. Ikikosa, inafunga mlango, na bei inapanda hapa kabla ya juma kwisha. Tuliona mwaka wa 2024: jua liliharibu mashamba ya huko, na mwisho wa Februari serikali ya Zambia ikatangaza kwamba ukame umekuwa janga la taifa. Nani aliumia hapa? Mama anayenunua kwa kipimo kila siku ndiye aliyeumia kwanza.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa vikundi vyote mambo matatu. Mwezi wa 4 na wa 5, wakati wa mavuno, pesa ya likelemba ya zamu moja inunue mahindi ya pamoja, yakaushwe, yapimwe kwa chumvi, na yagawanywe mwezi wa 1, wakati bei iko juu. Kila nyumba yenye shamba ipande mstari wa mihogo hata kama haiipendi, maana mihogo ni akiba isiyohitaji ghala. Na wakwe wakubwa, tunawaomba ninyi hasa: mnapotembelea mke wa mtoto wenu na kukuta bukari imechanganywa, angalieni kwanza mboga, na angalieni mashavu ya wajukuu. Watoto wakiwa wanene na wenye kucheka, na duka halimdai mama yao, huyo anajua kupika.

Katika mkutano ujao kila mmoja alete kikombe cha unga wa nyumbani kwake, jinsi anavyoupika kweli, si ule wa kuonyesha wageni. Tutaupika wote katika sufuria moja, na tutakula pamoja.